Baba hakohoi, apimwe mapafu ya nini?

Swali: Daktari, baba ana miaka 61. Alivuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 30, akaacha 2019. Hakohoi, na anasema kupimwa ni kujitafutia ugonjwa. Nimwambieje?
Msomaji, Kiganjo, Thika

Jibu: Mwambie saratani ya mapafu ikianza kumkohoza mtu, mara nyingi imeshasambaa. Anayefaa kupimwa ni yeye, asiyeumwa. Miongozo ya Marekani ya 2021 inawalenga wenye miaka 50 hadi 80 waliovuta pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, ikiwa bado wanavuta au waliacha ndani ya miaka 15.

Kipimo ni CT ya mionzi kidogo: hulala dakika chache, bila sindano. Eksrei haitoshi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa 2011 ulionyesha CT ilipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 20 kuliko eksrei. Muulizieni rufaa Thika Level 5. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo haiko mbali.

Wakiona kidoa, msishtuke. Vingi si saratani, hasa kwetu ambako TB huacha makovu. Lakini nimeona pia wagonjwa wakimeza dawa za TB kwa miezi huku uvimbe ukikua, kwa hiyo akianza kukohoa, makohozi yapimwe kabla ya kuanzishiwa dawa hizo.

Usimtume peke yake. Mpeleke wewe.