Neno Lisilokuwamo Katika Kamusi

Zamani nalidhani sarufi ni kukariri tu: mwalimu asema, nasi twafuata kama kasuku. Mwaka 1958 Bibi Jean Berko wa Marekani alionyesha kuwa sivyo. Aliwapa watoto wa miaka minne hadi saba picha ya kidude mfano wa ndege, akakiita wug, jina alilolitunga mwenyewe. Kisha akawaonyesha viwili, akawaacha wamalizie. Katika kila mia, 91 walijibu wugs. Hawakupata kulisikia kwa mtu, basi kanuni ilikuwamo vichwani mwao. Lakini kwa tass, 36 tu katika mia walisema tasses, ijapokuwa 91 waliweza kusema glasses. Hapo ndipo paniponipendeza zaidi: neno la mazoea wanalo, kanuni yake bado.

Likizo iliyopita nalimjaribu mdogo wangu, aanzaye Kiswahili hapa kwetu Uganda. Nalichora kidude nikakiita kitugo, kisha nikachora cha pili. Ilinibidi ninyamaze na kuinua vidole tu, maana kutamka "viwili" ni kumfunulia jibu.

"Bitugo!" akasema.

Nalitaka kucheka, kama nilivyomcheka mwaka mzima hata akaacha kusema Kiswahili mbele yangu. Mara nikakumbuka: kwa Kiganda ni ekitabo kimoja, ebitabo vingi. Kanuni alikuwa nayo, ya nyumbani. Nikamwomba radhi. Akanitazama kidogo, akanisukumia kalamu nichore kingine.