Chai ya artemisia haitamponya dada yako Brussels

SWALI: Jambo Daktari. Dada yangu anaishi Brussels, huu ni mwaka wa tisa. Alikuja Kalemie kwa harusi pamoja na watoto wake wawili waliozaliwa huko, wakarudi wiki tatu zilizopita. Leo ni siku ya nne ana homa. Mama alikuwa amemfungia majani makavu ya artemisia pamoja na ndagala, basi anakunywa chai yake asubuhi na jioni. Anasema homa inashuka kidogo, na kwamba madaktari wa kule hawajui palu (malaria). Aendelee?
Msomaji, Kataki, Kalemie

JIBU: Nilikupigia simu siku ileile barua yako ilipofika: aende hospitali leo, asingoje kesho. Naichapa kwa ajili ya wengine, maana swali hili naletewa kila mara watu wetu wakisharudi Ulaya, na kila mara mfuko wa majani haukosi.

Mama hakukosea kwamba mmea huo una dawa. Mwaka 1972 watafiti wa China wakiongozwa na Tu Youyou walitoa humo artemisinini, na mwaka 2015 mtafiti huyo akapewa tuzo ya Nobel. Lakini wanaomtaja kuitetea chai hawasimulii aliipataje. Aligundua kwamba joto kali linaiharibu dawa, akaacha kuchemsha, akatumia etha isiyohitaji moto mkali. Sisi tunarudisha majani jikoni na kuyachemsha! Tena hakuna ajuaye kikombe kina dawa kiasi gani. Inaua vijidudu kadhaa, homa inashuka, mgonjwa anamshukuru Mungu, na vilivyobaki vinazaana. Hiyo homa “kushuka kidogo” ndiyo inayonitisha kuliko yote. Dawa za jamii ya artemisinini hutoka mwilini baada ya saa chache, ndiyo maana vidonge vya hospitali huchanganywa na dawa ya pili, kama lumefantrini, inayobaki kumaliza kazi. Chai haina mwenzake huyo. Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya majani hayo. Na vijidudu vinavyoistahimili artemisinini vimekwisha kuthibitishwa Rwanda, Uganda na Tanzania iliyo ng'ambo tu ya ziwa letu.

Wabelgiji wanaijua palu. Walianzisha shule ya magonjwa ya tropiki mwaka 1906 kwa sababu ya Kongo hii. Leo ni taasisi kubwa iliyoko Antwerp. Wasilolijua ni kwamba mgonjwa ametoka Kalemie. Asipowaambia, watadhani ni mafua.

Na msiniambie damu yake imezoea palu. Kinga hiyo hupungua mtu akikaa mbali na mbu wetu, na watoto wake hawajawahi kuwa nayo.

Siku nne! Palu ya falsiparamu, ile aina kali, inaweza kupanda kichwani kwa siku moja au mbili. Nimepokea wagonjwa wasiomtambua tena mama yao, birika likiwa bado na moto nyumbani.

Akifika, ataje Kalemie na tarehe aliyoondoka, aombe kipimo cha damu cha palu. Kisipoonyesha kitu na homa ikaendelea, kirudiwe. Akizidiwa, apige 112. Watoto nao wakipata homa yoyote ndani ya miezi mitatu tangu warudi, mwendo ni huohuo. Na safari ijayo aanze vidonge vya kinga kabla ya kupanda ndege, alale ndani ya chandarua, hata wajomba wakimcheka kwamba amekuwa mzungu.