Namba zinazoruka mota ikiwaka

SWALI: Nipo Nyarugusu, Geita. Nimefunga Arduino Uno isome betri ya sola ya volti 12 kwenye karasha letu. Mota ikiwaka namba zinaruka, ila mita inaonyesha betri imetulia. Kosa liko kwenye programu?

JIBU: Programu iache kwanza. Chipu ya Arduino haijui volti. Inajua kulinganisha tu, kama mnunuzi wa dhahabu na mizani ya mawe. Huanza na nusu ya volti rejea, yaani jiwe lake la mizani: umeme unaoingia umezidi? Kama umezidi, nusu hiyo inabaki na robo inaongezwa. Kama haujazidi, nusu inaondolewa na robo inajaribiwa peke yake. Hufanya hivyo mara 10, ikapata namba kati ya 0 na 1023.

Sasa, rejea ya kawaida ni ile ile volti 5 inayoilisha bodi. Tuseme betri ina 12.6 na rezista zako zinaigawa kwa 3: pini inapata 4.2, namba ni 860. Mota ikivuta, chaja dhaifu inayoilisha bodi ikishuka hadi 4.7, 4.2 ile ile inasomeka 915. Programu itakuambia betri ina 13.4. Jiwe la mizani ndilo limepungua!

Tumia rejea ya ndani ya volti 1.1: andika analogReference(INTERNAL), lakini kwanza badilisha rezista ziwe kilo-omu 150 upande wa betri na 10 upande wa graundi. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini na graundi. Rejea hiyo hutofautiana kati ya chipu na chipu, hivyo isahihishe kwa mita yako.