Tunachangia Madarasa: Nani Atatunza Hesabu?

Swali: Sisi Watanzania wa Dubai tunachangishana kwenye WhatsApp tujenge madarasa Pangani. Tutajuaje fedha hazitaliwa?

Jibu: Simamisheni kwanza. Sheria ya shirikisho ya Falme za Kiarabu namba 3 ya mwaka 2021 inamkataza mtu binafsi kukusanya michango. Pitieni taasisi yenye kibali. Kisha mhandisi wa halmashauri atoe makadirio, nanyi mlipe kwa hatua: msingi, boma, paa. Kamati ya shule ibandike mapato na matumizi pale wazazi wanapopita. Msiridhike na picha za watoto wanaotabasamu. Mmarekani Greg Mortenson alisifiwa mno kwa kujenga shule Pakistan na Afghanistan. Mwaka 2012, baada ya uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Montana, alikubali kulirejeshea shirika lake takriban dola milioni 1. Anayekasirika akiombwa risiti, msimkabidhi fedha.