Kazi ya mkataba wa msimu: twende lini, turudi lini?

Somo la kujadiliwa katika vikundi vya kuweka na kukopa, vikundi vya vijana na mikutano ya familia. Someni kwanza Ruthu 1:22 na 2:17–23, kisha Mathayo 20:1–16.

Mvua zinapokatika mwezi Mei, vijana wengi wa Iringa, Njombe, Dodoma na Singida hufunga mizigo kwenda kutafuta kazi za msimu. Wengi huenda mkoani Morogoro, kukata miwa Kidatu au Mtibwa. Wengine huelekea kwenye chai ya Mufindi au tumbaku ya Tabora. Baadhi hurudi na mabati na ada ya shule. Baadhi hurudi kwa nauli ya kukopa, na mbuzi aliyeuzwa kwa ajili ya safari amekwenda bure. Tofauti kati yao mara nyingi haitokani na bidii. Inatokana na mwezi waliofika na mwezi waliochagua kurudi.

Naomi na Ruthu walifika Bethlehemu wakati mavuno ya shayiri yanaanza. Ruthu alikuwa mgeni na mjane, lakini alikuta mashamba yana watu na kazi ipo, akaokota masazo mpaka shayiri na ngano zikaisha. Wangefika baada ya hapo, wangekuta mabua tu. Katika Mathayo, walioajiriwa saa kumi na moja walilipwa dinari sawa na wa alfajiri, lakini hapo Bwana Yesu anafundisha juu ya neema ya Mungu. Tusipange safari ya Kidatu kwa mfano huo. Mkata miwa hulipwa kwa kadiri alichokata.

Miwa ina saa yake

Kiwanda cha sukari hakisagi miwa mwaka mzima. Kwa kawaida hufungua karibu na Juni na kuendelea mpaka mvua zinapozidi, mara nyingi Januari au Februari. Sababu ni mbili. Wakati wa mvua utamu wa muwa hupungua, na magari hukwama mashambani. Muwa uliokatwa haungoji. Kila siku inayopita kabla haujafika kiwandani hupoteza sukari. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024 zilikwamisha uvunaji, sukari ikaadimika nchini na bei ikapanda. Sisi wengine tuliliona jambo hilo dukani. Mkata miwa aliliona kwanza, kwa siku alizokaa kambini bila kipato.

Kwa hiyo wakati mzuri wa kutafuta kazi hii ni wiki chache kabla ya kiwanda kufungua, yaani Mei. Ndipo makandarasi na vyama vya wakulima wa nje wanapoandikisha watu. Anayefika mapema anaweza kuuliza malipo ni kiasi gani, malazi yako wapi, panga ni la nani. Anayefika Agosti, ameshatumia nauli na analala kwa kulipia, hukubali chochote atakachoambiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na kuyaeleza kwa namna anayoielewa. Haki hiyo haifutwi na kuchelewa kufika, ila mwenye njaa huona vigumu kuidai.

Kuna mlango wa pili, mdogo. Kazi ni nzito, na wapo wanaoiacha baada ya siku chache. Mwenye ndugu kule anayeweza kumpigia simu anaweza kupata nafasi Julai. Asiye na ndugu wa namna hiyo asiende kubahatisha.

Wakati mbaya kabisa ni Machi hadi Mei mwanzoni. Lakini hapa tuangalie vizuri, kwa sababu wakati mbaya wa mmoja ni mzuri wa mwenzake. Kiwanda kinapofungwa ndipo kinapofanyiwa matengenezo makubwa. Fundi wa kuchomelea, makanika au fundi umeme anayengoja Juni kama mkata miwa amekwisha kukosa. Yeye apeleke vyeti vyake Januari.

Novemba, mwezi wa uamuzi

Kwa mtu wa Dodoma au Iringa, Juni hadi Oktoba ni kiangazi. Shamba la nyumbani halimhitaji sana, na kazi ya miwa haimnyang'anyi kitu. Novemba mambo hubadilika. Mvua za kwanza zinakaribia nyumbani, lakini Kidatu miwa bado ipo na mnyapara anaomba watu wabaki. Fedha ya mkononi huvutia.

Fanyeni hesabu kabla ya safari, mume na mke pamoja. Tuseme shamba lenu hutoa magunia kumi na mawili ya mahindi. Yazidisheni kwa bei ya gunia ya Januari au Februari, si ya Julai, kwa maana Januari ndipo mtakapoyanunua kama hamkulima. Toeni gharama za mbegu na mbolea. Kinachobaki kilinganisheni na ambacho baba ataleta kwa miezi mitatu zaidi, baada ya kula na kutuma nyumbani. Kama kuna fedha ya kumlipa mtu kulima kwa wakati, abaki. Kama haipo, arudi. Ni bora hesabu hiyo ifanyike Mei mezani kuliko Novemba kwa simu.

Tumbaku na chai ni tofauti. Kibarua wa tumbaku huchukuliwa tangu vitalu, karibu na Agosti au Septemba, hadi majani yanapokaushwa mwakani, na wengi hulipwa tumbaku ikishauzwa. Mkataba wa namna hiyo unachukua msimu wote wa kilimo wa familia, na malipo yako mwisho. Kwa maoni yetu, mwenye shamba lake asiukubali bila maandishi na bila posho ya kila mwezi. Chai ya Mufindi huchipua sana wakati wa mvua, tangu Desemba hadi Mei, na hupungua wakati wa baridi. Anayekwenda Julai atakuta walioajiriwa nao wanapunguziwa siku.

Mafundi wa ujenzi nao wakumbuke kwamba wanakijiji huwa na fedha baada ya mavuno, Juni hadi Agosti, na tofali huchomwa kiangazi. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na mara nyingi halmashauri huharakisha madarasa kati ya Oktoba na Desemba, kabla shule hazijafunguliwa Januari. Kikundi kinachotaka zabuni hizo kijisajili kwenye mfumo wa NeST mapema, si siku tangazo linapotoka.

Maswali ya kujadili

Katika kijiji chetu, nani aliondoka mwaka huu kutafuta kazi, na mwezi gani? Alikuta nini?

Chora miezi kumi na miwili ardhini. Weka jiwe kwenye miezi ambayo shamba lenu linahitaji watu, na punje ya hindi kwenye miezi ya kazi za mkataba. Vinagongana wapi?

Kumbukumbu la Torati 24:14–15 linasema nini juu ya kuchelewesha ujira? Nasi tunaowaajiri vibarua wa palizi, tunawalipa lini?

Je, kikundi kinaweza kutoa mkopo mdogo wa nauli mwezi Mei, na mwingine wa kulimia Novemba? Urejeshwe mwezi gani?