Kumpa Mtoto Dawa Asiyoitaka

Wengi wetu humu shuleni tuna wadogo zetu nyumbani, na wakati wa likizo, mama aendapo shambani, sisi ndio tunaoachiwa kazi ya kuwapa dawa. Kazi hiyo si ndogo. Mtoto wa miaka miwili akifumba kinywa, hata mtu mzima huweza kushindwa.

Wako watu wamlazao mtoto chali, wakamziba pua na kummiminia dawa. Desturi hii siipendi, nayo ina hatari: mtoto aliaye huvuta pumzi kwa nguvu, na dawa yaweza kumwingia mapafuni. Mdogo wangu humpakata, kichwa kimeinuka, nikamtilia dawa kidogo kidogo ndani ya shavu, kisha nikangoja ameze.

Kwa malaria, tangu mwaka 2009 viko vidonge vya watoto vya artemeta na lumefantrini viyeyukavyo katika maji, navyo vimetiwa ladha ya tunda la cheri ili kupunguza uchungu. Hupewa mara 6 kwa siku 3, pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Akitapika kabla ya saa moja kupita, hupewa kipimo kingine. Dawa isitiwe katika bakuli zima la uji, kwani asipoumaliza hutajua amemeza kiasi gani.

Siku ya pili homa hushuka, mtoto hucheza, na hapo ndipo watu wengi huacha vidonge, ilhali vijidudu vingine vingali damuni. Wala asiambiwe kuwa ni peremende: kesho atavitafuta mwenyewe kabatini.