Mshenga: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Kupeleka barua ya posa si kazi ya mshenga. Hata bodaboda angeifikisha. Mshenga hubeba mamlaka ya ukoo, na mamlaka huombwa kabla ya kutoka nyumbani.

FANYA

Dai kiwango cha mwisho. Baba wa kijana akutajie kwa kinywa chake fedha zisizozidi hapo, ng'ombe wasiozidi hapo, na muda wa kumaliza. Akisema "nenda tu, tutaangalia", hajakutuma. Usifunge safari.

Sikia orodha nzima kabla ya kukubali hata kitu kimoja. Mahari haiji peke yake: kuna mkaja wa mama, kilemba cha baba, blanketi la bibi, na faini iwapo binti ana mimba. Wengi huafiki mahari kwa vigelegele, kisha hukwama kwenye hivyo "vidogo", ambavyo ukivijumlisha wakati mwingine vinaipita mahari yenyewe.

Kwa Waislamu, uliza binti mwenyewe ametaja nini. Mahari ni haki yake. Surat An-Nisaa, aya ya 4, imelimaliza hilo. Mjomba anayepaza sauti barazani si mwenye mali.

Ukitajiwa kiasi kizito, nyamaza kwanza. Kisha omba kutoka nje mkatete. Hakuna mzee atakayekunyima.

Andika kilicholipwa, kilichobaki na tarehe. Pande zote zitie saini.

USIFANYE

Usimponde binti ili upunguziwe. Elimu yake, umri wake, mtoto aliye naye: usiviguse. Kesho ni mke wa kwenu, na maneno yako atayasikia tu.

Usiwatishie wazee kwa sheria. Ni kweli, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huitambua ndoa hata kama desturi za mahari hazikutimizwa. Lijue hilo likupe utulivu, kisha likae moyoni. Ukianza kutaja vifungu, kikao kimekwisha.

Usiahidi fedha ambazo kijana atakwenda kuzikopa. Deni hilo litalipwa na bibi harusi pia.

Usinywe kabla ya makubaliano.

Usirudi na habari iliyopambwa. Wakisema kijana hana kazi ya maana, mwambie baba yake hivyohivyo. Jibu lake ndilo utakalokwenda nalo kikao cha pili.